Peter Parker au Miles Morales, uanze na yupi?

Hili swali haliishi jamani, kila anayetaka kuanza komiki za Spider-Man anauliza, maana wote wawili ni Spider-Man. Kwa historia Peter kamuacha mwenzie mbali, katoka 1962 mikononi mwa Stan Lee na Steve Ditko, enzi hizo kijana kwenye komiki mara nyingi alikuwa msaidizi tu wa shujaa mkubwa, huyu akawa shujaa mwenyewe, yatima wa Queens, New York, anayelelewa na shangazi na hela hakuna. Toleo la 33 la The Amazing Spider-Man utamkuta kalaliwa na lichuma zito, maji yanamdondokea, dawa ya shangazi May iko pale mbele na mkono haufiki, anasukuma, anasukuma, mpaka linanyanyuka. Ile sehemu inanikaba koo mpaka leo.

Miles ni wa 2011, kazi ya Brian Michael Bendis na Sara Pichelli. Baba Mmarekani mweusi, mama wa asili ya Puerto Rico, na shule nzuri kaipata kwa bahati nasibu huku watoto wengine wakikosa, yeye badala ya kufurahi anawaangalia wale waliokosa. Kwa kijana wa sasa hapo Miles anashinda, tena anaweza kutoonekana kabisa.

Urahisi wa kuanza pia ni wa Miles, Peter ana zaidi ya miaka 60 ya matoleo na yale ya zamani yana maneno kibao. Ila Miles anavaa ile nguo ya Spider-Man baada ya Peter wa ulimwengu wake kufa (komiki hizi zina ulimwengu zaidi ya mmoja), usipomjua Peter huo uzito unakupita. Kama unamnunulia mdogo wako wa miaka 12 mpe Miles, kama una muda na unapenda vya kale anza na yale matoleo ya mwanzo ya Peter, ya Lee na Ditko.