Unanunua ruta Mwanza: uweke DNS ipi?

DNS ni huduma ambayo simu huiuliza namba ya tovuti kabla ya kuifungua; nyingine huzuia pia tovuti mbaya. Fundi wengi wa mjini wakishakuunganishia ruta huandika 8.8.8.8, DNS ya Google, huchukua chao na kuondoka. Usilipie kazi hiyo. Huduma zote nne hapa chini ni za bure, na namba unajaza mwenyewe.

Pesa yako iangalie kwenye ruta. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, afungue mipangilio, akuonyeshe mahali pa kujaza DNS ya IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za mtandao; wa zamani ni IPv4. Kama hapapo, iache. Kwenye mtandao wenye IPv6 simu hupewa seva za DNS za aina zote mbili. Ukijaza ya IPv4 peke yake, simu inaweza kuendelea kumuuliza mtoa huduma wako kwa njia ya IPv6, na kichujio ulichowawekea watoto kikawa pambo tu. Halafu, hapa chini kila huduma ina namba ya IPv4 kwanza, kisha ya IPv6, na zile nukta pacha mbili mfululizo (::) si kosa la uchapaji. Zinasimama badala ya sifuri nyingi, ziandike vilevile.

1. Quad9: 9.9.9.9 na 2620:fe::fe. Ni ya shirika lisilotafuta faida, makao yake Zurich, Uswisi. Inazuia tovuti zinazojulikana kwa wizi na virusi, ndiyo maana naiweka juu kwa wakala wa pesa wa Igoma au Buzuruga: akibofya kiungo cha "umeshinda zawadi" na tovuti hiyo imo kwenye orodha yao, haifunguki. Tapeli anayepiga simu, huyo ni wa kukata mwenyewe.

2. Cloudflare: 1.1.1.1 na 2606:4700:4700::1111, tangu 2018. Nyumba yenye watoto ichukue 1.1.1.3 na 2606:4700:4700::1113, inayofunga na picha za ngono. Kwa familia, hii ndiyo namba moja.

3. Google: 8.8.8.8 na 2001:4860:4860::8888. Ipo tangu 2009, imara, ila hiyo ya kawaida haina kichujio cha watoto.

4. OpenDNS ya Cisco: 208.67.222.222 na 2620:119:35::35. Si mbaya. Sioni tu sababu ya kuziruka hizo tatu.

Ipi ina kasi? Usinisikilize mimi wala fundi. Pima ukiwa hapohapo Nyegezi au Kirumba, saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni, kwa ping (amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi), anwani ya IPv4 kisha ya IPv6. Na tuelewane: DNS haiongezi kasi ya bando. Inapunguza kule kusubiri kabla ukurasa haujaanza kufunguka.

Usiye na ruta, simu ya Android 9 na kuendelea ina DNS ya Faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Andika dns.quad9.net, basi. Jina hilo moja linafanya kazi IPv4 na IPv6, na maswali yako husafiri yamefichwa. Ukifika hotelini ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ukagoma, izime kwanza, ingia, kisha uiwashe tena.