Bajaji ya rupia 50 iliyonilia alasiri yangu Fort Kochi

Ukishuka kwenye boti Fort Kochi, sehemu ya kale ya mji wa Kochi kusini mwa India, ukakutana na dereva wa bajaji anayekwambia "rupia 50 tu, saa nzima, nakuonyesha mji wote", usipande. Usijadili bei, usiulize anaanzia wapi, usiweke hata begi kwenye kiti. Mimi nilipanda, na hadi sasa nikikumbuka damu inachemka.

Wengi wetu wa Afrika Mashariki tunaofika Kochi hatukuja kutalii. Tumesindikiza mgonjwa au tumekuja masomoni, na mji wa kale tunauona kwa mbali, ng'ambo ya maji, tukiwa Ernakulam, upande wa bara. Nafasi ya kuvuka inapatikana siku moja, tena nusu siku: mgonjwa kalala, daktari hapiti tena hadi jioni, basi unakimbilia boti. Hiyo nusu siku ndiyo niliyolizwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Sinagogi ya Paradesi, nyumba ya ibada ya Wayahudi kule mtaa wa jirani wa Mattancherry, ile iliyojengwa mwaka 1568, hufungwa saa saba mchana, hufunguliwa tena saa tisa, na ikifika saa kumi na moja jioni basi tena. Madereva wa gatini wanayo ratiba hii kichwani. Mgeni akishuka saa nane, dereva anamwambia jambo la kweli kabisa: "Sinagogi imefungwa sasa hivi, twende kwanza kwingine, nitakupeleka ikifunguliwa." Kwa kuwa hilo ni kweli, unaamini na yanayofuata. Hiyo "kwingine" ni duka. La kwanza mazulia ya Kashmir, la pili viungo, la tatu vito vya fedha. Kila duka lina mtu mlangoni anayekukaribisha chai, na chai hainyweki kwa dakika mbili.

Duka la pili nilipoanza kununa, dereva alifunguka mwenyewe: "Kaa dakika kumi tu, usinunue kitu, mimi wananipa petroli." Basi hapo kila kitu kikawa wazi. Nauli ya kutoka gati hadi Mattancherry kwa mita ni kama rupia 40 hivi, mwendo wa kilomita mbili tu. Hakuna dereva duniani atakayekupa saa nzima kwa bei hiyohiyo. Anayemlipa ni mwenye duka, na mwenye duka anazirudisha hela zake kwenye bei ya zulia au ya iliki. Ukinunua chochote ukiwa umeletwa na dereva, jua fungu lake limo ndani ya bei.

Duka la tatu nikakataa kushuka. Nilimwambia kwa adabu, "Chetta, maduka basi, nipeleke sinagogi." Chetta ni neno la heshima kwa Kimalayalam, kama sisi tunavyomwita mtu kaka. Akazima injini katikati ya barabara, akageuka, akanikazia macho: "Kwani umekuja India kuangalia kuta?" Kisha akataka rupia 300, eti nimempotezea siku. Amenizungusha yeye, saa kaila yeye, halafu nimempotezea siku mimi! Waliozoea papasi wa Mji Mkongwe kule Unguja, wale vijana wanaowaandama wageni, wanajua papasi ukimkatalia mara tatu anakuachia njia. Huyu ana magurudumu, na wewe umo ndani. Tulifika Mattancherry saa kumi na moja na dakika chache. Mlinzi alikuwa anasukuma komeo.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa Fort Kochi msiende. Nimeifikiria tena na naona si haki, kwa sababu mji huu hauhitaji dereva hata kidogo. Unatembeleka kwa miguu kuliko mji wowote wa bandari ninaoujua. Ukitoka gatini ukiyapa maji mgongo, kulia ni nyavu za Kichina na kanisa, kushoto ni njia ya Mattancherry. Ni hivyo tu.

Vuka asubuhi mapema, saa moja au saa mbili, kabla jua halijawaka. Boti za serikali kutoka gati kuu la Ernakulam ni za bei ya karanga na huchukua kama dakika 20. Siku hizi kuna pia boti za umeme za Water Metro zinazoondokea upande wa High Court, safi na zenye kiyoyozi, ila Jumapili foleni ya kurudi jioni inachosha sana. Ukivuka Jumapili, rudi kabla ya machweo au jiandae kusimama.

Nyavu ndizo za kuanza nazo, maana asubuhi wavuvi wako kazini kweli, si kwa ajili ya picha. Simama pembeni uangalie wavu mmoja tangu unaposhuka hadi unapopanda. Boriti za msaji na mianzi zimefungwa kama mkono mkubwa, wavu umening'inia mbele juu ya maji, na nyuma kuna kamba zilizofungiwa mawe, kila jiwe la upana wa kama sentimita 30. Umesawazishwa vizuri kiasi kwamba mtu mmoja akitembea juu ya boriti kuu, uzito wake unatosha kuuzamisha wavu. Unakaa majini dakika chache, kisha watu wanne hadi sita wanavuta. Hapo tazama mawe: kamba zake hazilingani urefu, kwa hiyo wavu unapopanda mawe yanatua jukwaani moja baada ya jingine, tup, tup, tup, na mizani haipotei hata mara moja. Sijaona ufundi wa uvuvi unaonifurahisha kama huu. Wapo wasemao uliletwa na Wachina enzi za misafara yao mikubwa, wapo wasemao Wareno waliuleta kutoka Macau. Msaji umekuwa ghali, na baadhi ya nyavu sasa zina mabomba ya chuma badala ya mbao.

Na hapa pia kuna mtego, mdogo. Mvuvi atakuita, "Njoo uvute!" Ukishika kamba umekubali kulipa. Mimi sina neno na hilo, kazi yao ni ngumu na kinachotoka majini aghalabu ni vidagaa, plastiki na magugu maji, yale yale yanayotusumbua Ziwa Victoria. Mlipe, lakini taja kiasi kabla hujagusa kamba, si baada ya picha. Samaki walio kwenye meza pembeni wasikudanganye kwamba wote wametoka hapo. Wengi wameletwa na boti za bahari kuu. Ukitaka kununua na kupikiwa kwenye vibanda vya jirani, inua shavu la samaki uone wekundu, bonyeza nyama uone kama inarudi, kisha patana mara mbili: bei ya samaki kwa muuzaji, bei ya kupika kwa mpishi. Wasiopatana na mpishi mapema ndio wanaolia wakiletewa hesabu.

Kutoka nyavuni hadi kanisa la St Francis ni hatua chache. Nje utaona jengo la kawaida tu, na wageni wengi huingia na kutoka kwa dakika tatu. Sisi wa pwani hatuna haki ya kulipita hivyo. Upande wa kulia, sakafuni, kuna jiwe lililozungushiwa uzio mdogo: ndipo alipozikwa Vasco da Gama, aliyefia Kochi tarehe 24 Desemba 1524. Mifupa yake ilihamishiwa Ureno miaka kama 14 baadaye. Ni yule aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498 wa kumvusha hadi Calicut, na mwaka 1502 akafika Kilwa kumlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, akaichoma Mombasa, kisha merikebu zake zikaja kutia nanga hapa hapa Kochi. Nimesimama mbele ya jiwe lile nikatetemeka. Inua kichwa pia utazame vitambaa virefu vinavyoning'inia darini: ni mapepeo ya zamani, yaliyokuwa yakivutwa kwa kamba na mtu aliyekaa nje. Mawe ya makaburi ya Wareno, na ya Waholanzi walioutwaa mji mwaka 1663, yamewekwa kwenye kuta za pembeni. Jumapili asubuhi kuna ibada, usiingie kutalii.

Basilika ya Santa Cruz naipita haraka. Ni nzuri, jengo la sasa ni la 1905, dakika 15 zinatosha.

Sasa njia ya Mattancherry. Fuata Calvathy Road kisha Bazaar Road, maji yakiwa kushoto kwako, dakika 30 hadi 40 kwa mwendo wa taratibu. Hii ndiyo sehemu ambayo bajaji inakunyima hata ukikutana na dereva mwaminifu. Maghala ya zamani yamepangana pande zote, malori yanashusha magunia ya mchele, tangawizi kavu, pilipili na vitunguu saumu, wachukuzi wanapita na mizigo kichwani, na harufu inabadilika kila mlango. Bandari hii inasemekana ilifunguka kwa mafuriko ya mto Periyar mwaka 1341, bandari ya kale ya Muziris ikapoteza nafasi yake, na tangu hapo pilipili manga imekuwa ikipita hapa. Ukitaka viungo nunua huku, si kwenye duka la kitalii. Pilipili manga idondoshe chache kwenye glasi ya maji: nzima inazama, mbegu za papai zilizochanganywa zinaelea. Iliki chagua ya kijani, nono, isiyopasuka. Karafuu acha; India yenyewe huagiza karafuu, na za Unguja zimo.

Panga ufike Mattancherry saa nne asubuhi, milango inapofunguliwa. Jumba la Mattancherry, ambalo Wareno walimjengea mfalme wa Kochi na Waholanzi wakalikarabati, hufungwa Ijumaa. Sinagogi hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na Ijumaa mchana haina uhakika. Kwa hiyo Jumapili hadi Alhamisi ni salama. Ukiambiwa "leo kumefungwa" siku hizo, endelea kutembea ukauone mlango mwenyewe. Jumbani nenda moja kwa moja chumba cha kulala cha mfalme, kuta zote zimechorwa Ramayana, ule utenzi mkuu wa Kihindu, kwa rangi ya udongo mwekundu, manjano na kijani, watu wamesongamana ukutani hadi huoni nafasi tupu. Mimi ningekaa humo saa nzima. Hizo ndizo "kuta" alizozisema yule bwana.

Nikifika hapo hasira zinarudi. Nilikuwa nataka kuandika kwamba kosa ni langu kwa kutosoma ratiba mapema. Silikubali tena. Gatini hakuna kibao kinachosema sinagogi inafunguliwa saa ngapi, hakuna nauli iliyoandikwa ukutani, na mgeni anapokelewa na mtu mmoja tu, dereva. Bango moja lingewaua hawa wote. Kama miguu haikuruhusu, au umefuatana na mgonjwa, panda, lakini neno la kwanza liwe "meter", la pili jina la unakokwenda, na akigusia duka mwambie "kada venda", yaani duka sitaki. Akikataa mita, shuka. Kuna mwingine nyuma yake.

Msimu nao uangalie. Huku kwetu kusi likivuma tunafurahia kipupwe. Kule Juni ndiyo mvua inaanza, tena ya kumwagika, na vichochoro vya Mattancherry vinajaa maji. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, ndio wakati wake.

Sinagogi nilirudi kuiona siku nyingine, kwa miguu. Viatu vinaachwa nje, mabega na magoti yafunikwe. Watu wote huingia wakitazama juu, kwenye taa za vioo za Ubelgiji. Wewe tazama chini. Sakafu ni vigae vyeupe vya Kichina vya karne ya 18, vimechorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu, na wenyewe husema hakuna viwili vinavyofanana. Chutama ulinganishe vinavyopakana: mti ule ule, lakini huku tawi limeinama, kule brashi imekauka kabla jani halijakamilika. Anza na vile vya karibu na mlango, kabla kundi la kwanza la basi halijaingia.