Opinel Na. 8: kisu cha kukunja kisichochuja
Tangu Joseph Opinel alipokibuni mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, kisu hiki cha kukunja kimebaki na umbo lilelile kwa jumla: mpini wa mbao unaoenea vizuri kiganjani, na bapa jembamba ambalo, kwa Na. 8, lina urefu wa sentimita 8.5. Ninachokipenda zaidi ni pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955. Ukiizungusha kwa kidole gumba, bapa hukazwa imara, nawe ukakata bila hofu ya kisu kukukunjikia vidoleni. Cha chuma cha kaboni hunoleka upesi, ingawa hushika kutu kisipofutwa. Kasoro yake hasa ni mpini, ambao ukilowa huvimba na kulibana bapa hata likagoma kufunguka. Changu nilikianika kivulini siku mbili, kikafunguka kwa ulaini kama awali.