Basi la shule Malindi hadi Mambrui: uzoefu wangu wa mihula miwili

Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa mjini Malindi, nasi twakaa Mambrui, kama kilomita 15 kaskazini, ng'ambo ya daraja la Sabaki. Mwaka jana alipanda matatu: shilingi 200 kwenda na kurudi, na asubuhi haiondoki mpaka ijae. Kila wiki kesi ya kuchelewa. Mwaka huu nikamwandikisha kwenye basi la shule, 3,800 kwa mwezi, nalipa kwa M-Pesa. Kwa siku 22 za masomo, matatu ilikuwa ikinila 4,400.

Asubuhi sina la kulalamika. Msimamizi ni mama wa makamo mwenye daftari na kalamu iliyofungwa uzi. Mtoto hakanyagi ngazi kabla jina lake halijatiwa alama. Siku moja nakaanga mahamri, simu ikalia: "Mama fulani, mbona leo simuoni binti yetu, ni mzima?" Alikuwa na homa, nami nimesahau kuwajulisha. Niliona haya, lakini moyo ulitulia. Kumbe kuna mtu anayemhesabu.

Jioni ndiko kulikoniumiza. Basi likitoka Malindi liko kushoto, kwa hiyo huwashusha watoto upande wa bara, na Mambrui iko upande wa baharini. Walikuwa wakivuka wenyewe barabara kuu ya kwenda Lamu, tena wakitokea nyuma ya basi, pale ambapo dereva anayekuja hawaoni kabisa. Alhamisi moja nilisimama njia panda nikaona kwa macho yangu. Basi la abiria liliteremka kutoka Garsen likipiga honi, msichana mmoja akarudi mbio, kiatu chake kikabaki kwenye lami. Nilitetemeka mpaka usiku.

Nilimwendea dereva kwa heshima, nikamwomba awaingize watoto ndani ya Mambrui. Akanijibu, "Mama, nikiingia ndani nawachelewesha wa Gongoni huko mbele." Ana haki, nao ni watoto wa watu. Lakini kuingia na kutoka hakuzidi dakika tano! Tukaenda shuleni wazazi sita, na baada ya wiki tatu basi likaanza kukata kona na kuwashusha ndani, barabara ya kuingia Mambrui. Wiki tatu ni nyingi mno kwa jambo kama hilo.

Lililobaki ni siku za michezo. Basi linachelewa kuondoka na hatuambiwi. Mwezi wa tano, mvua inapiga, maghribi imeshaadhiniwa, nami nimesimama njia panda na mwavuli, sijui watoto wako wapi. Ujumbe mmoja tu wa "tumetoka Malindi" ungetosha.

Muhula wa tatu nimeshalipia. Mzazi wa Sabaki au Gongoni unayefikiria kuandikisha, kabla hujatuma pesa nenda jioni moja uone mtoto anashushwa upande gani wa barabara.