Boti ya kuzamia Misri, Bahari ya Shamu: pesa yako haipotei

Jamani kama unapenda kuzamia usikae hotelini Hurghada, panda hizi boti za kulala humo humo, yaani unaamka asubuhi tayari uko juu ya matumbawe, mtungi wa hewa umeshajazwa, unaingia majini, kifungua kinywa baadaye. Chakula safi, wali na samaki na chai haikatiki. Kabini za chini ndo shida, injini inanguruma usiku na harufu ya dizeli inaingia, omba ya juu hata ukiongeza hela kidogo.

Ila Thistlegorm, hapo ndo nimekubali! Meli ya mizigo ya Waingereza, ndege za Wajerumani ziliipiga bomu 1941, imelala kama mita 30 chini, unaingia na tochi unakuta pikipiki zimepangwa juu ya malori, matairi bado yapo, samaki wanapita katikati ya magurudumu. Waongozaji walitushusha alfajiri kabla boti zingine hazijajaa, hongera zao kabisa. Mkondo una nguvu, shika kamba vizuri. Na kabla hujalipa muulize nahodha anafunga boti wapi, maana wanaofunga kwenye meli yenyewe wanaing'oa vipande na inauma sana kuona.