Uzoefu wangu na The Void: lile benchi lilikuwepo kweli

Benchi ndilo lililonimaliza. Ndani ya ile kofia niliona chombo cha angani, kuta za chuma zenye mikwaruzo, na benchi refu pembeni. Nilijua fika kwamba macho yangu yanadanganywa, na kwa sababu hiyohiyo niliogopa kukaa. Nikapeleka mkono nyuma taratibu, kama mtu anayetafuta kiti umeme ukiwa umekatika, vidole vikagota kwenye ubao. Nikakaa. Chombo kikanguruma, na benchi likanguruma nacho chini yangu.

Hapo ni The Void, ukumbi wa uhalisia pepe (VR), ambako unavaa kofia yenye skrini na kujiona uko ndani ya ulimwengu mwingine. Ni tawi lao la Disney Springs, eneo la maduka na burudani la Disney huko Orlando, Marekani, katikati ya mwaka 2018. Nilikuwa na kaka yangu, wifi yangu na binti yao aliyekuwa na miaka 11. Naandika kuhusu ukumbi ambao huwezi tena kuingia kwa sababu watu bado huniuliza kama kumbi za uhalisia pepe zina thamani ya pesa zake, na kila ninapojaribu kujibu najikuta napimia kwa benchi lile.

Tiketi ilikuwa kama dola 30 kwa kichwa. Mtoto alitakiwa awe ametimiza miaka 10 na urefu wa sentimita 122, na binti yetu alisimama kwenye kipimo amekaza shingo utadhani anapigwa picha ya pasipoti. Walikuwa wakiingiza watu wanne wanne, kwa hiyo familia yetu ikawa kikundi kizima. Ukishaingia unavalishwa fulana nzito yenye kompyuta mgongoni na vitu vinavyotetema kifuani, kisha kofia yenye skrini na spika. Hakuna waya unaokuburuta nyuma. Unatembea kwa miguu yako mwenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo wengi waliojaribu uhalisia pepe wakiwa wamekaa kwenye kiti hawajawahi kulionja.

Hadithi ilikuwa ya Star Wars, zile filamu za vita vya angani. Tulijifanya majasusi waliovaa sare za askari wa adui. Nilipogeuka nikaona askari watatu weupe, mmoja mfupi. Yule mfupi akanyoosha mkono.

"Shangazi, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

Nikaushika mkono wake. Nilichokiona ni glavu nyeupe ya plastiki, nilichokishika ni vidole vyake vilivyolowa jasho la hofu. Sijui niieleze vipi hali ile kwa mtu ambaye hajaipitia. Macho yanasema hivi, ngozi inasema vile, na zinapokutana mahali pamoja akili inaacha kubishana.

Mlango wa chombo ukafunguka juu ya sayari yenye mito ya moto. Joto likanipiga usoni, joto kweli, pamoja na harufu ya majivu. Mbele yetu kulikuwa na jukwaa jembamba juu ya ule moto. Wifi, ambaye haogopi kitu, akagoma kupiga hatua. Kaka akamwambia, "Mama, ni sakafu tu." Akajibu, "Najua ni sakafu, miguu ndiyo haijui." Alivuka akiwa ameshikilia begi la kaka kwa mikono miwili.

Baadaye nilisoma jinsi walivyokuwa wakifanya, na heshima yangu kwao ikaongezeka. Kilichokuwepo kweli ni kuta za kawaida, hita, feni, vitoa harufu na sakafu zinazotetema. Kompyuta ilikuwa inajua kila mtu yuko wapi, kisha inachora kila ukuta pale hasa ulipo. Kama umeona mlango, kuna mlango. Kama umeona bunduki ukutani, unainyanyua na unasikia uzito wake. Vilevile waliipinda njia: unaamini umenyoosha mbele, kumbe wanakuzungusha ndani ya eneo dogo. Haishangazi kwamba mmoja wa waanzilishi, Curtis Hickman, alitokea kwenye mazingaombwe. Alianza kazi hii Utah pamoja na Ken Bretschneider na James Jensen, na mwaka 2016 wakafungua onyesho la Ghostbusters, filamu ya wawinda mizimu, ndani ya Madame Tussauds, makumbusho ya sanamu za nta, New York. Mwaka uliofuata Disney wakawaunga mkono, na tangu hapo milango ikawa inafunguliwa kwa kasi: Orlando, London, Anaheim, Las Vegas, Toronto.

Tulirudi mwaka 2019 kwa hadithi ya Ralph, yule wa katuni za Disney, ambayo ilikuwa ya kuchekesha zaidi, unapigana kwa kurusha chapati za maji na milkshake. Mtoto aliipenda kuliko ile ya kwanza. Mimi niliipenda pia, lakini safari hii nilikuwa nahesabu. Dakika kama 15 ndani ya kofia, watu wanne, na kila mmoja amevalishwa na kuvuliwa na mfanyakazi. Kwenye sinema, projekta moja inahudumia mamia. Hapa ukumbi mzima, kodi ya pango kwenye eneo ghali, kompyuta na mafundi, vyote vinategemea kile kinachotoka mifukoni mwa watu wanne wanne. Na juu yake kuna leseni za hadithi maarufu. Kumbi zao zilijengwa ili kuta zilezile zibebe hadithi nyingine, na hiyo ni akili nzuri, ila hadithi mpya yenye ubora ule haitengenezwi kwa mwezi. Aliyekwisha kuivuka ile lava, arudie nini Jumamosi ijayo?

Hesabu hii haikuwa mpya. Virtuality ya Leicester, Uingereza, kampuni ya Jonathan Waldern, iliingiza mashine zake za uhalisia pepe kwenye kumbi za gemu mwaka 1991. Watu walipanga foleni kucheza mchezo wake wa Dactyl Nightmare, na mwaka 1997 kampuni ikaanguka. IMAX, wale wa sinema za skrini kubwa, nao walijaribu: wakafungua kituo cha uhalisia pepe Los Angeles mwaka 2017, wakafikisha vituo saba vya majaribio, na mwanzoni mwa 2019 wakafunga vya mwisho. Majina makubwa, pesa nyingi, na bado viti havikujaa kwa mara ya pili.

Nikiri pia kwamba tatizo lilikuwa pana kuliko The Void. Kabla ya Orlando niliwahi kuingia ukumbi mwingine, siutaji, ambako sponji ya kofia ilikuwa mbichi kwa jasho la aliyenitangulia na picha ilikuwa inachelewa kila nikigeuza kichwa. Dakika ya tano nilikuwa nimekaa chini natafuta pumzi, kichefuchefu kimenishika hadi jioni. Mtu akianzia pale hatarudi popote, hata umwambie kuna mahali pazuri kiasi gani. Kumbi nyingi zilifunguliwa na watu walioona kofia kama bidhaa ya kupangisha kwa dakika, na zilimaliza hamu ya wateja kabla kazi nzuri haijawafikia.

Katikati ya 2019 The Void walitangaza na wamiliki wa Westfield, maduka makubwa, mpango wa kumbi zaidi ya 25 mpya, Marekani na Ulaya, hadi mwaka 2022. Mwaka huohuo ilitoka Oculus Quest, kofia ya nyumbani isiyohitaji kompyuta, kwa dola 399. Ukipiga hesabu, sisi wanne kwa safari tatu tu tungekaribia bei ya kofia moja. Kisha Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Fikiria biashara inayoishi kwa kuvisha wageni kofia iliyotoka usoni mwa mgeni mwingine, kwenye vyumba vidogo visivyo na dirisha. Madeni yaliwazidi, Disney wakavunja mkataba, na ukumbi wetu wa Orlando haukufunguliwa tena. Wengi huishia kusema ni korona. Mimi naona korona iliikuta nyumba iliyokwisha kuwa na nyufa.

Sandbox VR, kampuni nyingine ya kumbi kama hizi, iliyoanzishwa Hong Kong na Steve Zhao, nayo ilipitia tundu la sindano. Mwaka 2019 ilikusanya dola milioni 68, Agosti 2020 ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, ikatoka, na leo inaendelea kufungua kumbi. Vyumba vyake ni vitupu. Hakuna kuta za kugusa, hadithi nyingi ni zao wenyewe, na kubadilisha mchezo ni kubadilisha programu. Kama biashara, naelewa kabisa kwa nini wao ndio wamebaki, na ukiwa na marafiki watano wenye kelele nakushauri uende bila kusita. Lakini usiende ukitafuta kile nilichokipata Orlando. Hakipo pale, na hawajawahi kukiahidi.

Binti yetu sasa ni mtu mzima na ana kofia yake nyumbani. Picha yake ni kali kuliko ile ya The Void. Mwezi uliopita nilimkuta sebuleni anacheza, yuko ndani ya treni fulani, na kwa jinsi alivyogeuza kichwa nikajua ameona viti. Akarudi hatua moja nyuma. Kabla ya kukunja magoti akapeleka mkono nyuma yake, akapapasa hewa, akapapasa tena chini kidogo, kisha akabaki amesimama.

"Shangazi," akaniambia, kofia bado usoni, "nisogezee kile kigoda."