Alamu za vifaa kwenye programu ya kupimia kina cha bahari: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, mwenye haraka apate jibu mapema. Alamu za programu tunayotumia kupimia kina cha bahari ni nzuri na zinastahili muda wa kuzipanga, ila zilivyokuja kutoka kiwandani zinalinda mlango ambao mwizi hapiti. Kifaa kikinyamaza zinapiga kelele. Kifaa kinachoendelea kusema huku kikidanganya kinapita hivi hivi, mpaka ukae chini mwenyewe uieleze programu huo uongo unafananaje.

Jina la programu sitalitaja, maana nina manung'uniko na ofisi bado ina mkataba na muuzaji. Itoshe kusema iko daraja moja na HYPACK, QINSy na NaviPac, na aliyewahi kukaa mbele ya mojawapo hatapotea humu. Boti yetu ni ya faiba, ndogo, na kazi zetu nyingi ziko bandarini na kwenye njia za meli, Dar es Salaam na Tanga: tunapima kabla ya uchimbaji wa kuongeza kina na tunarudi kupima baada yake. Ndani ya boti kuna ekosaunda, kifaa kinachopima kina kwa kutuma sauti majini, ya mwale mmoja yenye masafa mawili, kilohezi 33 na 200. GPS ya RTK, yaani inayopokea masahihisho kutoka kituo cha msingi ili kufikia usahihi wa sentimita, yenye antena mbili, inayotupa mahali na uelekeo. Na kihisi cha mwendo kinachosoma boti inavyopanda, kushuka na kuyumba. Gatini kuna kipimo cha maji kujaa na kupwa kinachotuma usomaji wake kwa redio, nao hutolewa kwenye kina tulichopima. Vyote vinaishia kwenye kompyuta moja, vingi vyao kwa RS-232, aina ya zamani ya waya wa data, kupitia adapta za USB.

Hizo adapta ndizo zilizonifanya nizipende alamu za ukimya. Boti ikigonga wimbi, plagi inacheza, kompyuta inaona kifaa kimetoka na kurudi, na pengine inakipa namba nyingine ya porti. Au Windows inaamua kubana umeme na kuilaza USB katikati ya mstari wa upimaji. (Uzimeni huo ubanaji wa umeme kabla hamjaondoka gatini; haupo kwa faida yenu.) Programu inaweka kwenye draiva ya kila kifaa kisanduku cha sekunde za kusubiri: data isipofika ndani ya muda huo, jina la kifaa linageuka jekundu na kengele inalia. Chaguo-msingi lilikuwa sekunde 10 kwa kila kitu, na sijui aliyeliweka alikuwa anapima nini. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) boti inakata mita mbili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo hadi alamu ilie umeshaacha nyuma mita 25 za sakafu zisizo na kina au zisizo na mahali. GPS inayotuma mara moja kwa sekunde nimeipa sekunde 3. Ekosaunda 2. Kihisi cha mwendo, kinachotuma mara nyingi ndani ya sekunde, nimekipa 1 na hakijawahi kunisumbua.

Sehemu hiyo ni rahisi, hata mgeni anaimaliza kabla chai haijapoa. Ubora wa GPS ndio uliotaka fikra.

Ndani ya sentensi ya GGA, ujumbe wa GPS unaobeba mahali ulipo, kuna tarakimu moja inayosema ubora wake: 4 ni RTK iliyotulia, 5 ni RTK inayoelea, 2 ni masahihisho ya kawaida, 1 ni GPS tupu, 0 hakuna kitu. Programu inakuruhusu kusema ni tarakimu gani iamshe alamu. Ilikuja ikiwa imewekwa kulia papo hapo tarakimu ikitoka 4, bila subira yoyote. Mchana hilo linavumilika. Usiku, hasa karibu na Machi na Septemba, halivumiliki kabisa kwa sisi wa ukanda huu. Ikweta ya sumaku inapita juu ya Ethiopia, na tabaka la ionosfea hujaa zaidi kwenye kanda mbili zilizo umbali wa digrii kama 15 kila upande wake. Pwani yetu imekaa pale pale. Jua likishazama tabaka hilo huvunjikavunjika, mawimbi ya setilaiti yanatetema, na RTK inaruka kati ya 4 na 5. Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake, na miaka ya kilele ndiyo mibaya zaidi kwa jambo hili. Nasi usiku tunapima, kwa sababu meli za kuchimba hazilali na mchana njia ina foleni ya meli.

Nilichofanya ni kugawa alamu hii mara mbili. Tarakimu ikikaa 5 kwa sekunde 5, rangi ya njano tu, bila sauti. Ikikaa sekunde 20, au ikishuka hadi 2 au 1, kengele kamili na mstari unasimamishwa. Pembeni yake nimewasha alamu ya umri wa masahihisho, ikiwaka yakizidi sekunde 10. Hizi mbili ukizisoma pamoja zinakwambia ugonjwa uko wapi. Ikiwa umri uko sekunde 1 au 2 lakini tarakimu ni 5, tatizo liko angani, na hakuna cha kufanya ila kusubiri. Ikiwa umri unapanda, 6, 9, 14, basi angalia modemu, bando, au redio ya kituo cha msingi. Kabla ya kupanga hivi tulikuwa tunapoteza muda kuzima na kuwasha modemu isiyo na kosa lolote.

Kihisi cha mwendo kina siri ambayo ningependa kila mpima aijue. Sentensi yake ya aina ya TSS1 ina herufi moja ya hali: ikiwa kubwa, kama U au F, kifaa kimetulia, ikiwa ndogo, u au f, bado kinajitafuta. Namba za kupanda na kushuka zinaendelea kutoka vile vile katika hali zote mbili, zikiwa nzuri kwa macho. Ukikata kona kali mwishoni mwa mstari na kuingia mstari unaofuata bila kunyoosha kidogo, herufi inaweza kuwa ndogo kwa muda, na kila kina unachorekodi hapo kinabeba uongo wa sentimita kadhaa. Programu inaisoma herufi hii, tena vizuri. Alamu yake ipo. Ilikuwa imezimwa.

Sasa nifike kwenye lililonikera. Baadhi ya ekosaunda zikipoteza sakafu hutuma sifuri, na hiyo inakamatwa kirahisi kwa kuweka kina cha chini na cha juu kinachokubalika. Nyingine hurudia kina cha mwisho. Taga, boti ya kuvuta meli, ikipita mbele yenu na kuacha povu la mapangaboi, ekosaunda ya namna hiyo itakutangazia mita 12.41, 12.41, 12.41, huku programu ikiona data inafika kwa wakati na kila kitu ni kijani. Sakafu ya bahari chini ya boti inayocheza haitoi kina kile kile hadi sentimita kwa sekunde tatu. Kuna alamu ya thamani iliyoganda, nayo inafanya kazi barabara, lakini wameificha kwenye ukurasa wa pili wa mipangilio ya kila kifaa na hakuna anayeifikia kwa bahati. Kwa ekosaunda niliiweka sekunde 3. Kwa uelekeo niliiacha, kwa kuwa boti ikiwa imefungwa gatini namba hukaa tuli kihalali na kengele ingelia bure.

Kwenye kipimo cha maji alamu hiyo haisaidii kabisa, maana maji yakisimama mwisho wa kujaa au kupwa usomaji hukaa pale pale kwa dakika kadhaa na ni kweli tupu. Kinachotakiwa ni kujua usomaji una umri gani. Programu yetu hupima umri tangu ujumbe ulipofika, haitazami saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Redio ya gatini nayo, kipimo kikikatika, huendelea kurudia usomaji wa mwisho bila aibu. Ujumbe unafika, programu inaridhika. Wakati wa bamvua Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na saa za katikati yanatembea karibu robo ya tofauti hiyo kwa saa moja, yaani sentimita 80 hivi. Dakika 20 za usomaji wa zamani ni sentimita 27. Kwa kiwango cha Special Order cha S-44, mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Haidrografia, kosa lote linaloruhusiwa la wima kwenye kina cha mita 14.5, kina kilicholengwa kwenye gati 1 hadi 7 za Dar es Salaam, ni hizo hizo sentimita 27. Maji yakiwa yanajaa, kosa linaelekea upande mbaya: ramani inaonyesha kina kirefu kuliko kilichopo.

Tulilitatua upande wa pili. Fundi wetu aliandika programu ndogo kwenye kompyuta ya gatini: usomaji ukizidi dakika 2, redio isitume kitu. Yaani mwongo tumemgeuza bubu, na bubu programu inamjua. Tuliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu hili, wakajibu kwa adabu kwamba pendekezo limepokelewa.

Kuna jambo moja ambalo sikulipatia dawa ndani ya programu, nalo ni kasi ya sauti majini. Ekosaunda nyingi huwashwa zikiwa na mita 1500 kwa sekunde. Bahari yetu yenye joto la digrii 28 na chumvi ya kawaida ina takriban 1541. Kwenye mita 14.5 hiyo ni tofauti ya sentimita 39 hivi. Kosa hili linaonyesha kina kifupi, kwa hiyo meli hazitakwama, lakini mkandarasi ataambiwa achimbe tena mahali alipokwisha kuchimba, na hapo utaitwa kwenye kikao. Hakuna alamu inayolinganisha kasi iliyowekwa na ile uliyoipima asubuhi. Wenye ekosaunda za miale mingi wana kihisi cha kasi ya sauti kwenye transdusa, kile kichwa kinachotuma sauti majini, na alamu yake. Sisi wa mwale mmoja tunabaki na karatasi iliyobandikwa juu ya skrini na sahani ya chuma ya kushusha kwa kamba kuhakiki kina.

Upande wa sauti, mlio wa kompyuta ni wa kuishi ofisini. Injini mbili zikiwaka hausikiki. Tulinunua spika ndogo ya nje na kuifunga karibu na usukani, na hapo ndipo nahodha, mtu mzima wa Kigamboni aliyezoea bahari ya kimya, alipoanza kulalamika. "Mwanangu, hiki kidude kinalia kuliko redio ya bandari. Kinataka nini?" Nikamwambia, "Samahani mzee, nakipunguza." Na alikuwa na haki. Mwongozo wa EEMUA 191, unaotumiwa sana kwenye viwanda na mitambo, unaona wastani unaokubalika kwa mwendeshaji mmoja ni usiozidi alamu moja kila dakika 10 hali ikiwa ya kawaida. Sisi tulikuwa mbali na hapo. Kila kifaa kinacholia bure kinamfundisha mtu kubonyeza kitufe cha kunyamazisha bila kusoma, na programu hii ina kitufe kimoja kinachonyamazisha zote kwa mpigo, kikubwa kuliko vyote. Kwa hiyo sauti nimewaachia nne tu: hakuna mahali pa kuaminika, hakuna kina, kina kimeganda, maji hayaji. Zilizobaki ni rangi.

Na hapa niwasifu waliotengeneza programu. Programu inakubali faili zako za sauti na maandishi yako mwenyewe kwa kila alamu. Tukaondoa milio inayofanana, mwenzetu akarekodi kwa sauti yake: "Hakuna kina!" "Maji hayaji!" Nahodha sasa anapunguza mwendo kabla sijainua kichwa. Kitu kingine kizuri ni kwamba kila alamu inaandikwa kwenye faili ghafi pamoja na saa yake. Jioni, wakati wa kusafisha data, unajua kabisa mstari gani na dakika ipi ya kutilia shaka, na mteja akiuliza kwa nini umekata kipande unamwonyesha.

Majaribio tunafanya gatini, asubuhi, kabla ya kamba kufunguliwa. Tunachomoa waya mmoja mmoja na kuhesabu sekunde. Antena tunaifunika kwa sufuria kubwa la alumini, na ndani ya muda mfupi GPS inalia. Mipangilio hukaa ndani ya mradi, kwa hiyo ukifungua mradi mpya kutoka mwanzo unarudishiwa zile sekunde 10 na alamu za thamani iliyoganda zikiwa zimezimwa. Tengeneza mradi tupu wenye mipangilio yako, uhifadhi, na kila kazi mpya ianze kwa kuunakili.

Alamu hazilipiwi zaidi, ziko kwenye leseni ya msingi. Kuzipanga kutakula siku nzima ukiwa na vifaa vyote mezani, na utahitaji mwongozo wa kila kifaa, si wa programu peke yake, maana herufi kama ile ya TSS1 hutaikuta kwenye mwongozo wa programu. Nyota nne. Wakiweka alamu ya saa iliyo ndani ya ujumbe wa kipimo cha maji, nitaongeza ya tano na kuizima ile programu ya fundi wetu.